Kuhesabu Pumzi za Nyangumi

Agosti ni mwezi wa salfa huko Newala. Mikorosho imechanua, na wakulima wanaamka gizani kupuliza unga huo wa njano dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, mabomba ya injini yakinguruma migongoni mwao kabla jua halijachomoza. Upepo wa uwanda wa Makonde hauna simile. Huuchukua unga ule mpaka mjini, ukaupaka kwenye madirisha, kwenye nguo zilizoanikwa, na kwenye kioo cha lenzi ya mpiga picha yeyote asiyejihadhari.

Mpiga picha niliyekwenda kumtazama amejihadhari. Ana studio ya chumba kimoja mjini Newala, na kwa sehemu kubwa ya mwaka kazi yake ni picha za pasipoti, za harusi na za mahafali. Lakini kati ya Julai na Oktoba, kila anapopata nafasi, huifunga studio, hupanda basi la Mtwara linalopita Tandahimba na Nanyamba, na kwenda baharini kupiga picha mikia ya nyangumi.

Wanyama hao ni nyangumi wa nundu. Miezi ya kiangazi cha kusini, Desemba hadi Machi, huwa katika maji ya Antaktika wakila krili, jamii ya uduvi wa bahari ya baridi. Baridi kali ikiingia huko, huanza safari ya kuja maji ya joto kuzaa na kupandana, nao hupita katika mwambao wetu wakiwa wameogelea zaidi ya kilometa 5,000. Hapa hawali, au hawali chochote cha maana. Wanaishi kwa mafuta waliyoyaweka mwilini. Watu wenye fedha nyingi huwafuata nyangumi wa aina hii kule kule kwenye barafu, kwa meli ndogo zinazotoka Ushuaia, Argentina, zikiwa na mashua za mpira na wapiga picha waliovaa makoti mazito. Mtu wa Newala anawasubiri Msimbati, katika boti ya faiba, akiwa pekupeku.

Usiku wa kuamkia safari alimwagia sakafu ya studio maji kidogo ili vumbi litulie, akatandika shuka safi mezani. Ndipo vifaa vilipotolewa, kimoja kimoja: kamera mbili, lenzi ya milimita 100 hadi 400, lenzi fupi ya akiba, betri, kadi za kumbukumbu, darubini, daftari lenye jalada la plastiki na penseli tatu zilizochongwa, maana wino hauelewani na maji ya chumvi. Alianza na kipulizio cha mpira, akikiminya huku ameinamisha lenzi ili chembe zianguke chini. Kisha brashi ya manyoya laini, akizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni. Kitambaa kilikuja mwisho kabisa. Anayeanza na kitambaa, aliniambia bila kuinua macho, anasugua kioo kwa mchanga. Betri alikuwa amezichaji tangu mchana, kwa kuwa umeme wa jioni hauna ahadi. Vipakiti vya kunyonya unyevu vilikuwa vimekaushwa juani, na sasa alivipanga kwenye pembe nne za sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana.

Hatua ya mwisho ilimchukua muda kuliko nilivyotazamia. Alilinganisha saa ya kamera na saa ya kifaa cha GPS, sekunde kwa sekunde, akangoja dakika kadhaa aone kama zinakwenda pamoja, kisha akapiga picha kioo cha GPS chenyewe. Hiyo ndiyo huwa picha ya kwanza ya kila safari yake. Kama baadaye kutakuwa na shaka juu ya saa au mahali, atarudi kwenye picha hiyo na kusahihisha zote zilizofuata.

Newala si mgeni wa kazi hii ya kamera. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi, akapanda mpaka Newala na kufika Mahuta, wapagazi wakimbebea kamera, mashine ya kupiga picha za mwendo, na fonografu ya mirija ya nta. Picha za wakati ule zilipigwa juu ya sahani za kioo, na sahani ya kioo ikishasafishwa kwa dawa huhitaji maji safi ya kuisuuza, juu ya uwanda ambako kila tone lilipandishwa kutoka bondeni kichwani mwa wanawake. Miaka minne baada yake mpiga picha Herbert Ponting alipanda meli ya Terra Nova kwenda Antaktika akiwa na mzigo wa aina hiyo hiyo, na baadaye Frank Hurley, meli yake ya Endurance ilipobanwa na barafu mwaka 1915, alichagua sahani chache za kuokoa na kuvunja mamia ya nyingine. Namfikiria Hurley ninapomwona fundi wa leo akiitazama kadi isiyozidi ukucha wa dole gumba, yenye nafasi ya maelfu ya picha, na bado anapiga chache.

Uchache huo aliufunza mwili wake nyumbani. Pale Shimo la Mungu, ambako ardhi ya Newala inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka hadi Msumbiji, upepo hupanda kwa nguvu kwenye ukingo na mwewe huegemea juu yake. Alikuwa akisimama pale jioni, lenzi ikiwa imemfuata mwewe mmoja tu, bila kubonyeza, mpaka ndege ageuke na mwanga umwangukie chini ya bawa. Akienda Masasi kwa dada yake, hupanda kwenye milima ya mawe iliyouzunguka mji na kukaa mbele ya nyufa zenye pimbi. Pimbi humfundisha mtu kukaa. Ukijikuna tu, jabali zima linabaki tupu.

Msimbati tulitoka alfajiri, umande ukivuma kutoka nchi kavu na bahari ikiwa bado haijachafuka. Kusi huzidi nguvu kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo saa za mwanzo ndizo za kazi. Eneo hili limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye kilometa za mraba 650. Kibali kilikuwa kimekatwa na karatasi yake imo katika mfuko usiopenya maji. Nahodha ni mzee wa pale pale. Aliangalia maji yanavyojaa juu ya mwamba, akasubiri kidogo, kisha akatoa boti kwa mashine iliyopunguzwa, akishika mlango wenye kina karibu kabisa na ufuko.

Mtu asiyeijua kazi hii angedhani sasa ni kwenda huku na huku. Tulipofika maji ya buluu nahodha alizima mashine. Mpiga picha alikaa omo, nahodha tezi, wakaigawa bahari: mmoja kusini mpaka mashariki, mwingine mashariki mpaka kaskazini. Hawakutumia darubini kwanza. Macho matupu hupita taratibu juu ya mstari wa upeo, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha hurudi. Kinachotafutwa ni pumzi: wingu la mvuke lenye umbo la kichaka, linalopanda mita tatu hivi na kutoweka katika sekunde chache. Wimbi likivunjika hutawanyika upande mmoja, lakini pumzi husimama wima kwanza, ndipo upepo uichukue. Tofauti hiyo niliijua tu baada ya kuonyeshwa mara nyingi, na hata hapo nilikuwa nikikosea ilhali wao hawainui hata nyusi.

Saa ya kwanza ikapita. Hakuna aliyelalamika wala kupendekeza kuhamia kwingine. Mpiga picha alifuta tone la chumvi kwenye ukingo wa kifuniko cha lenzi, akarudi kwenye robo yake ya bahari.

"Huyo, mwanangu," nahodha alisema kwa sauti ya kawaida. "Kusini mashariki."

"Nimemwona, Nahodha."

Mashine haikuwashwa. Kwanza walitazama anaelekea wapi, wako wangapi, na kama kuna mtoto ubavuni. Mama mwenye ndama hufuatwa kwa umbali mkubwa zaidi, na mara nyingi hafuatwi kabisa: ndama huzaliwa akiwa na urefu wa mita nne hivi, ananyonya maziwa mazito, na kila dakika ya kumkimbia mtu ni mafuta ya mama yanayopotea bure, huku chakula kikiwa kimebaki Antaktika. Huyu alikuwa peke yake. Nahodha aliwasha mashine, akazunguka kwa upana na kuja kutoka nyuma, kwa ubavu, akilingana na mwendo wa mnyama, kamwe bila kumkatia njia. Umbali wa mita mia moja ulipofika alipunguza tena.

Hapa nilielewa kwa nini wawili hawa hufanya kazi pamoja. Alama za nyangumi wa nundu zimo upande wa chini wa mkia. Kila mmoja ana mchoro wake wa weusi na weupe, makovu yake, ukingo wake wa nyuma wenye meno yake, na hakuna wawili wanaofanana. Aliye mbele ya nyangumi huona sehemu ya juu ya mkia, ambayo kwa kawaida ni nyeusi tupu na haimtambulishi mnyama. Ni lazima uwe nyuma, jua likiwa mgongoni mwako, boti ikiwa imenyooka na mgongo wa mnyama, katika sekunde mbili tu ambazo mkia unakuwa hewani. Kamera haiwezi kukupeleka hapo. Nahodha ndiye anayekupeleka, nawe unapaswa kujua ni lini.

Nyangumi akitoka kina hupumua mara kadhaa juu juu, kila pumzi ikiachana na nyingine kwa nusu dakika au pungufu, mgongo ukionekana kidogo na kuzama kidogo. Akishajaza mapafu huzama kwa kina, na katika kuzama huko ndipo mkia unapoinuka. Kwa hiyo hesabu huanza na pumzi ya kwanza. Mpiga picha aliandika saa kwenye daftari, akalifunga, akasimama. Magoti yamekunjwa kidogo, viwiko vimebanwa mbavuni, kamera iko chini ya kidevu. Hakutumia stendi, kwa kuwa stendi hupokea mtetemo wa boti na kuupandisha kwenye kioo, lakini miguu ya mtu huumeza.

Pumzi ya pili. Ya tatu. Alipiga picha moja ya pezi la mgongoni, upande wa kushoto, kwa ajili ya kumbukumbu. Ya nne.

"Ya nne," nahodha alisema.

"Ya nne."

Mwanga alikuwa ameshaupima. Weupe wa chini ya mkia unang'aa sana na bahari inayouzunguka ni nyeusi; kamera ikiachiwa uamuzi itajaribu kuing'arisha bahari na kuuunguza weupe, na pamoja nao makovu yote. Kwa hiyo yeye hupunguza mwanga chini ya inavyotaka kamera. Shata aliiweka 1/1000 ya sekunde, na jua lilipozidi akaiongeza kasi. Pumzi ya tano ilikuja na mgongo uliojikunja juu kuliko mara zote, nundu ikajitokeza waziwazi, na hapo kamera ikapanda jichoni. Alilenga nundu, si maji yaliyo nyuma yake, ili lenzi iwe tayari imeushika umbali. Shina la mkia likafuata likichuruzika. Bado hakubonyeza. Mapezi mawili ya mkia yakachomoza, yakainuka, na yalipokuwa wima kabisa, upande wa chini umetuelekea wote, nikasikia mlio mfupi wa shata, labda picha sita. Mkia ukashuka bila kishindo, ukaacha juu ya maji duara pana lililotulia.

Hakushangilia. Aliandika: saa, mahali, mmoja, hana ndama, mkia umepatikana. Kisha akapiga picha ya kiganja chake. Kiganja hicho huwatenganisha wanyama ndani ya kadi: kila kilicho kabla yake ni cha nyangumi mmoja, kila kinachofuata ni cha mwingine. Nusu saa ndiyo mwisho anaojiwekea kwa mnyama mmoja. Akishapata mkia, humwacha hata kabla ya muda huo.

Asubuhi hiyo dume mmoja aliruka mbali kidogo, mwili wake wote ukiwa juu ya maji, tani thelathini na zaidi zikining'inia angani. Nilipiga kelele. Mpiga picha alimtazama kwa furaha ya wazi, akapiga picha moja, akarudi kuhesabu. Watu wa mjini humwomba picha ya kuruka na ndiyo inayonunuliwa kutundikwa ukutani. Kwangu mimi picha ya mkia ndiyo nzuri zaidi, na kadiri ninavyoiangalia ndivyo ninavyozidi kusadiki. Imekaa kama picha ya pasipoti: imenyooka, mwanga sawa pande zote, nyuma hakuna kitu, hakuna kivuli kinachoficha alama. Mtu aliyetumia miaka akiwaambia wazee wa Newala wainue kidevu kidogo na wasogeze sikio la kushoto lionekane anaijua thamani ya unyoofu huo. Tofauti ni kwamba nyangumi haambiwi ageuke. Anayegeuka ni mpiga picha, pamoja na boti nzima.

Kupiga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanyika Newala, usiku, mlango umefungwa dhidi ya salfa. Picha huhamishwa na kupangwa kwa viganja. Kwa kila mnyama huchaguliwa moja iliyo bora, nyingine huhifadhiwa bila kufutwa. Iliyochaguliwa hukatwa mkia ujaze fremu, huwekwa mlalo ulionyooka, wala hairembwi: hakuna kuongeza weusi wala kufuta povu. Kisha huipa daraja la ubora, na daraja la rangi kuanzia mkia mweupe karibu wote mpaka mweusi karibu wote. Nilimwona akikaa na mkia mmoja muda mrefu, akiuliza kama doa la pembeni ni alama ya ngozi au ni tone la maji. Alifungua picha iliyofuata, iliyopigwa sehemu ya sekunde baadaye. Doa lilikuwa limehama. Akaandika: maji.

Njia hii ya kuwatambua nyangumi wa nundu kwa mikia ilikuzwa miaka ya 1970 na Steven Katona na wenzake katika College of the Atlantic, Maine, Marekani. Wakati huo picha zilitandazwa mezani na kulinganishwa kwa macho, moja dhidi ya mamia. Mwaka 2015 Ted Cheeseman, aliyekuwa akiongoza safari za picha kwa meli ndogo huko huko Antaktika, alianzisha Happywhale, hazina ya mikia ambamo kompyuta huulinganisha mkia mpya na makumi ya maelfu ya mingine kwa muda mfupi sana. Abiria wa meli zile huchangia picha zao, na picha ya Msimbati huingia katika hazina hiyo hiyo.

Mikia ya kwetu haipati wenzake kwa urahisi. Meli za watalii nyingi mno huenda Rasi ya Antaktika, upande wa Amerika ya Kusini, ilhali nyangumi wa Afrika Mashariki wanahusishwa zaidi na bahari iliyo kusini mwa Afrika, ambako wenye kamera ni wachache. Ndiyo maana jambo la Zanzibar liliwashtua wanasayansi. Dume mmoja aliyepigwa picha Kolombia, upande wa Pasifiki, mwaka 2013, akaonekana huko tena mwaka 2017, alipigwa picha katika mlango wa bahari wa Zanzibar Agosti 2022, umbali wa zaidi ya kilometa 13,000 kwa njia fupi kuliko zote. Ekaterina Kalashnikova wa Tanzania Cetaceans Program na wenzake walichapisha habari hiyo Desemba 2024 katika jarida la Royal Society Open Science. Ushahidi wote ulikuwa mkia: watu waliokuwa pande mbili za dunia, wasiojuana, kila mmoja alikuwa amesimama nyuma ya mnyama, mahali sahihi, kwa sekunde mbili.

Karne iliyopita wawindaji waliua nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia. Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1979, na uwindaji wa kibiashara ukasimamishwa kwa uamuzi wa mwaka 1982. Wamerudi kwa wingi tangu hapo. Kujua wamerudi kiasi gani kunategemea kuhesabu, na kuhesabu kunategemea kuwa na uhakika kwamba mkia wa Jumanne si ule ule wa Ijumaa.

Mpiga picha hunakili kila kitu katika diski mbili. Moja hukaa Newala, nyingine kwa dada yake Masasi. Picha zilizokwisha kupangwa huzituma usiku wa manane, intaneti inapokuwa na nafasi, pamoja na saa na mahali vilivyosahihishwa kwa ile picha ya kwanza ya GPS. Mikia isiyopata mwenzake huiweka katika folda aliyoiita "Bado". Mmojawapo una ncha ya kushoto iliyokatika na mistari mitatu sambamba, pengine meno ya nyangumi muuaji alipokuwa ndama. Novemba ikifika, meli zinapoanza tena kutoka Ushuaia, huingia Happywhale kutazama kama kuna aliyeuona.